Marahaba ya Mzee Redio

Niseme mapema kabisa kwamba mimi si mtu wa kuvutiwa na mwanaume anayevaa fulana yenye picha ya roboti. Nina akili zangu, nina cheti changu cha kuongoza wageni, na nimelelewa na baba yangu, Mzee Elisaria wa Akheri, mtu ambaye hata akienda kupalilia kahawa huchomekea shati. Kwa hiyo siku Lerionka alipoingia kwa mara ya kwanza katika makumbusho yetu, kifuani ana roboti la kijani lenye macho mekundu, nilijisemea moyoni kwamba huyu kaka kapotea, anatafuta duka la midoli.

Hakuwa amepotea. Alikata tiketi, akaenda moja kwa moja kwenye simu ya zamani, ile ya kuzungusha namba kwa kidole, akasimama mbele yake mikono nyuma. Aliitazama kwa utulivu kama mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa. Kisha akanishukuru akaanza kuondoka. Hata shingo hakugeuza kuiangalia gramafoni, na gramafoni ndiyo kila mtu anakimbilia kupiga nayo picha.

"Kaka," nilimwita, "kuna vyumba vingine viwili. Umeshavilipia."

"Najua, dada. Nitarudi. Leo nilikuja kwa ajili ya simu."

Akarudi wiki iliyofuata kwa ajili ya taipureta. Akarudi tena kwa ajili ya redio ya mbao. Kila mara alilipa kiingilio upya, akaangalia kitu kimoja tu, akaondoka kabla chai yangu haijapoa. Mwishowe uzalendo ukanishinda, nikamuuliza kama ni nadhiri au ni ugonjwa.

"Ukiangalia vitu mia kwa siku moja," akanijibu, "ulichoona ni kabati."

Nilimcheka. Lakini nilifika nyumbani jioni ile bado nalifikiria hilo kabati, na mtu akishakufanya ufikirie kabati mpaka Akheri, ujue mambo yameanza kuharibika.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Yako nyuma ya soko, katika nyumba iliyokuwa duka la marehemu Mzee Aristides. Mzee huyo aliuza na kutengeneza redio, simu, gramafoni na televisheni za mwanzo mwanzo, na katika maisha yake hakuwahi kutupa kitu. Alipofariki, mwanawe Stanley alitaka kuuza vyote kwa bei ya vyuma chakavu. Siku anakuja kuvipakia akawakuta Wazungu wawili wamesimama dirishani wanapiga picha, akabadili mawazo papo hapo. Akaweka vibao, akaniajiri mimi. Wageni wetu wengi ni watoto wa shule za msingi, wanaoletwa asubuhi na walimu wao, na kazi yangu kubwa ni kuwazuia wasichomoe vitufe.

Lerionka ni wa Oldonyo Sambu, upande ule wa kaskazini wa mlima, kwa wafugaji na wakulima wa mahindi. Kwao kila kijana alikuwa na macho ya kujua ng'ombe gani anaumwa. Yeye alikuwa na macho ya kujua redio gani inaumwa. Sasa amepanga Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, ana kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu katikati ya mafundi magari. Chumbani kwake, siku nilipokwenda na rafiki yangu kwa heshima zote na mlango ukiwa wazi, niliona mashine za michezo ya televisheni za tangu tukiwa wadogo, mikanda ya video iliyopangwa kama vitabu, na rafu nzima ya roboti wadogo waliosimama mistari kama wanasubiri ukaguzi. Mwanaume mzima, ndevu zake, umri wa kuitwa baba.

"Hawa unawafanyia nini?" nilimuuliza.

"Nawapenda tu," akasema bila aibu yoyote. Mimi nimezoea watu wanaona haya kupenda kitu.

Mapenzi yake mengine ni sinema zilizotafsiriwa. Aliposoma sekondari alikaa kwa shangazi yake Sombetini, na jirani kulikuwa na kibanda cha kuonyesha video, ambamo mtu mmoja mwenye sauti nzito hufasiri filamu nzima kwa Kiswahili, anawapa wapiganaji wa Kichina majina ya mitaani na kumfanya adui mkuu atukane kama utingo. Lerionka huamini kwamba watu hao ndio wasanii wakubwa kuliko wote nchini. Anaweza kuigiza sauti zao, mmoja baada ya mwingine, mpaka mbavu zikuume. Mimi naangalia tamthilia za Kikorea, zile za kulia, naye alikaa akaangalia nami bila kunikejeli, ila kila mara alisema yule kijana tajiri anahitaji sauti nzito zaidi.

Uchumba wetu ulikuwa wa safari fupi fupi. Jumamosi alinipitia, tukaenda Makumbusho ya Azimio, tukaangalia picha moja, tukatoka kula mishkaki. Jumamosi nyingine tulikwenda kule Boma, ngome ya zamani ya Wajerumani ambayo sasa ni makumbusho. Alinisimamisha mbele ya kitu kimoja, akanyamaza, nami nikanyamaza kwa hasira, halafu katikati ya hasira nikaanza kweli kukiona. Mimi ndiye mtaalamu wa makumbusho, ninayelipwa kwa kazi hiyo, na sikuwahi kukaa kimya mbele ya kitu hata kimoja. Nilimpenda hapo Boma, kama mtu atataka kujua ni wapi.

Ikabaki kumwambia baba.

Baba ni mgane. Mama alitutoka, kaka zangu wakaenda Dar es Salaam na Mwanza na kuoa huko, na mimi ndiye niliyebaki naye nyumbani, nashuka mjini kazini asubuhi na kupanda jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwamba kijana ni Mwarusha hakusumbuka nalo, ni Mlutheri mwenzetu na baba amefanya biashara ya ng'ombe na Waarusha maisha yake yote. Kilichomkaa kooni ni zile roboti, ambazo mimi kwa ujinga wangu nilizitaja nikidhani nachekesha.

"Anachezea midoli?"

"Hachezei, baba. Anakusanya."

"Ng'ombe hukusanywa," baba alisema. "Kabla wazee wao hawajakanyaga hapa, nataka nimwone huyo kijana mwenyewe. Nimwone akiwa kazini, hajavaa koti la kuazima. Nikiridhika, waje. Nisiporidhika, Elinipa, tutakuwa tumeyamaliza."

Baba akisema yamekwisha, yamekwisha. Na mimi sikuwa na mpango wa kuolewa kwa kutoroka, niishi na mume mzuri na baba asiyenitazama. Nilimtaka Lerionka na nilitaka baraka ya baba, vyote viwili, na ruhusa hiyo ilikuwa mikononi mwa mzee mmoja ambaye hajawahi kutoka nje bila kuchomekea.

Siku zile Lerionka alikuwa anatufanyia kazi. Stanley alitaka kitu cha kuwavutia watoto mlangoni, na Lerionka akajitolea kumtengeneza Mzee Redio. Alichukua sanamu ya kuonyeshea nguo, ile ya madukani, akaiketisha kwenye kiti kando ya mlango, akaivika koti la kijivu na kofia ya pama, akaiwekea redio ya mbao magotini. Ndani ya redio alificha spika na kijicho cha kuhisi mtu akipita, kama zile taa za getini zinazowaka zenyewe. Sauti aliitoa mwenyewe, ile sauti nzito ya kibanda cha video. Watoto wa shule, kama mnavyowajua, husalimia hata kabla hawajavuka kizingiti: "Shikamooo!" Na Mzee Redio, kijicho kikishawahisi, anaitikia kwa kishindo:

"Marahaba, mwanangu! Karibu ndani. Usiguse waya."

Watoto walipagawa. Walitoka nje ili waingie tena. Stanley alifurahi, mimi nilifurahi, na Lerionka alikaa siku nzima chini ya kaunta akirekebisha sauti na kutabasamu peke yake. Majaribio yote tuliyafanya na watoto. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza itakuwaje siku mlangoni akipita mtu mwenye mvi.

Baba aliniambia atakuja Alhamisi mchana. Alikuja Alhamisi asubuhi, maana shabaha yake ilikuwa kutukuta hatujajiandaa.

Nilikuwa chumba cha nyuma na darasa la nne, nawaeleza kwa nini televisheni za zamani zilikuwa na kisogo kirefu. Nikamsikia Mzee Redio mlangoni: "Marahaba, mwanangu! Karibu ndani. Usiguse waya." Nikasema hao ni wachelewaji. Baada ya kitambo, tena: "Marahaba, mwanangu!" Na tena. Nikajua kuna mtoto ameugundua mchezo, anarukaruka mbele ya kijicho, nikatoka nikiwa na maneno yangu mdomoni tayari.

Hapakuwa na mtoto. Kulikuwa na pazia la mlangoni linapepea, na baba anavuka barabara kuja kwetu, amevaa koti lake la kijivu la kanisani. Kabla sijamfikia alishafika kizingitini, akavua kofia kama anavyovua akiingia nyumba ya mtu, akasema, "Hodi."

"Marahaba, mwanangu!" Mzee Redio alinguruma. "Karibu ndani. Usiguse waya."

Darasa la nne, waliokuwa wamenifuata nyuma, wakaangua kicheko. Na hapo, kutoka chini ya kaunta, na bisibisi mkononi na roboti kifuani, akachomoza Lerionka, uso wote furaha.

"Shikamoo, mzee!"

Baba alimtazama. Akaitazama sanamu. Akamtazama tena.

"Hiyo sauti ni yako?"

"Ndiyo, mzee! Niliirekodi mwenyewe, nikaishusha kidogo kwenye kompyuta ili..."

"Kumbe ni wewe uliyeniitikia."

Nililiona lile jambo likimwingia taratibu, kuanzia paji la uso kushuka chini. Alikuwa amemwitikia Mzee Elisaria kama mtoto wake, amemwambia asiguse waya, mbele ya darasa zima, na mzee wala hakuwa amemwamkia.

"Mzee, naomba radhi, hiyo ni mashine, haijui kutofautisha..."

Baba akavaa kofia yake. Ile shikamoo hakuiitikia. Sijui kama mtu wa mahali pengine ataelewa uzito wake. Kwetu mtu anaweza kukunyima chakula na mkaendelea kuwa majirani. Akikunyima marahaba ameshakutoa kati ya watoto wake. Aligeuka, na alipopita mlangoni, kijicho kile kisicho na adabu kikamhisi tena.

"Marahaba, mwanangu!" ikamsindikiza mpaka barabarani.

Nilimpa Lerionka vidonge vyake. Nilisubiri watoto waondoke, ndiyo, lakini baada ya hapo sikubakiza kitu. "Kompyuta unazijua. Katuni za Kijapani unazijua mpaka majina ya wachoraji. Hukujua kwamba na wazee wana miguu? Kwamba nao wanaweza kuingia makumbusho?" Hakujitetea hata kidogo. Alikaa chini, akachomoa betri za Mzee Redio, akazishika kiganjani. Stanley alipita akasema, "Ero, kijana wangu, usimzime bwana, watoto wanampenda," na nikamgeukia Stanley naye, bosi wangu, na sina haja ya kurudia niliyomwambia.

Nyumbani baba hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alikula loshoro yake kimya, kijiko cha mahindi na maziwa mgando, kingine, kingine, akaniuliza habari za mvua. Kesho yake alipokuwa anavaa viatu, bila kuinua kichwa, akasema, "Hao wazee wao wasije."

Nililia jikoni, nikaosha uso, nikaenda kazini. Wageni nao wanataka kujua gramafoni inafanyaje kazi, hawana habari na moyo wako.

Jumapili, baada ya ibada, Lerionka akaja Akheri. Sikumwita. Alipanda kwa miguu kutoka barabara kuu, kati ya migomba, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu. Alivaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka kooni, amelichomekea, na nilimwonea huruma kwa sababu alichomekea vibaya, upande mmoja ulikuwa umetoka. Baba alikuwa uani na koti lake la kanisani, anamkatia ng'ombe magome ya mgomba. Alimwona mgeni anakuja na hakuacha kukata.

Lerionka alifika mbele yake akasimama. Nilimsubiri aanze kujieleza, kwa maana yeye akianza kueleza mashine hanyamazi. Aliinama, akatoa kichwa.

Hapo inabidi nieleze. Kwa Waarusha, mtoto haanzi kumpa mkubwa mkono. Huinamisha kichwa, na mkubwa akakigusa utosini, ndiyo salamu. Ukishapita jandoni ukawa mwanaume, hayo yameisha, sasa unatoa mkono kama watu wengine. Baba anayajua vizuri kuliko mimi. Na huyu hapa, mwanaume mwenye ndevu na kibanda chake Sakina, amemtolea kichwa kama mtoto wa kuchunga mbuzi. Alimwita mzee mwanawe mbele za watu. Sasa amekuja kujiweka mwenyewe mahali pa mtoto, na mchana kweupe, majirani wanatoka kanisani.

Baba aliacha kukata. Akautazama ule utosi. Kisha akaweka panga chini, akampita, akaingia ndani.

"Inuka," nilimwambia Lerionka. "Inuka, twende zetu."

"Bado," alisema, uso wake ukitazama ardhi.

"Lerionka, ameshaingia ndani!"

"Najua. Bado."

Nikamwacha pale amepinda kama mpini wa jembe, nikamfuata baba. Nilimkuta sebuleni, hajakaa, amesimama na mkono juu ya mgongo wa kiti. Katika maisha yangu sijawahi kumpandishia baba sauti. Siku hiyo nilimpandishia.

"Baba, kosa amefanya. Amekuja kuomba radhi kwa namna ambayo hata kaka zangu wasingeweza. Ni mwanasesere, baba! Ni sanamu ya dukani na spika! Unaninyima mume kwa sababu ya spika?"

"Si spika."

"Ni nini basi? Ni roboti? Ni fulana?"

Alikaa. Alikaa polepole, kama mtu ambaye magoti yamemkumbusha jambo.

"Nilifika mapema siku ile," alisema. "Nilisimama ng'ambo ya barabara nikapumzika, nikawa naangalia mlango wenu. Hapakuwa na mtu, Elinipa. Upepo unasukuma pazia, na yule mzee anaitikia. Marahaba, mwanangu. Hakuna mtu. Pazia linasukumwa tena. Marahaba, mwanangu. Amevaa koti kama langu. Amekaa peke yake, anawaitikia watoto ambao hawapo."

Nilisogea karibu na kiti chake.

"Kila asubuhi unanigongea mlango," baba akaendelea. "Baba, shikamoo, umeamkaje. Kisha unaondoka, nami nakaa na hiyo salamu mpaka jioni. Kaka zako wanapiga simu, nawashukuru. Lakini katika nyumba hii anayeniamkia ni wewe. Nikamwangalia yule mzee wa mlangoni nikasema, mwakani ndiye mimi."

Hapo ndipo hasira yangu yote ilipoishiwa pa kukaa. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamshika mikono, ile mikono migumu ya kupogoa kahawa, nikalia kama sijawahi kuzuia kilio maishani. Nampenda baba yangu. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumwambia, kwetu hatuambiani, tunapakuliana chakula. Nilimwambia. Halafu nikasema nilichoona ndicho pekee cha kusema.

"Basi siendi, baba. Nitabaki."

Aliuchomoa mkono wake kutoka kwenye mikono yangu, na macho yake yakawa makali kama ya siku zote.

"Nani amekwambia usiende? Nimesema naogopa. Sijasema usiende."

"Lakini baba..."

"Ningetaka mtu wa kukaa kwenye kiti na kuniamkia tu, ningemwambia huyo kijana wako anitengenezee." Alifuta uso kwa kiganja, mara moja, haraka, kama anafukuza nzi. "Yuko wapi? Ameshaondoka?"

Nilichungulia. "Bado ameinama."

"Mpaka sasa?"

"Kichwa kigumu, baba."

"Hilo nimeliona," baba alisema, na akasimama.

Tulitoka wote. Lerionka alikuwa pale pale, mikono magotini sasa, shati limetoka pande zote mbili, na ng'ombe wetu amenyoosha shingo anamnusa sikio. Wanakwaya wawili walikuwa wamesimama nje ya ua wanajifanya wanazungumza. Baba alikwenda mpaka alipo. Nilidhani atamsemesha kwanza, atampa maneno ya onyo, atamhoji habari za kazi. Aliweka kiganja juu ya utosi wake na kukiacha pale. Hakukigusa tu akaondoa, kama ilivyo desturi. Alikiacha, na nikaona mabega ya Lerionka yakishuka.

"Inuka," baba alisema. "Shingo itakukatikia, nikakutibu kwa gharama zangu."

Lerionka aliinuka akiwa amekunja uso kwa maumivu. Kwa wiki nzima iliyofuata alikuwa akigeuka mwili mzima kila nilipomwita. Pale uani hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mzee, ile mashine nimeshaizima. Naweza kuibadilisha, naweza kuifanya isi..."

"Mashine yako siijui," baba alimkata. "Waambie wazee wenu waje."

Lerionka alinitazama.

"Waje lini, mzee?"

"Mtapanga na mama zenu huko. Lakini waje wengi. Wasije wawili watatu kama wanakuja kudai kodi. Waje na wake zao, waje na watoto. Viti vipo."

Akachukua panga lake, akaliegemeza ukutani, akaingia ndani. Siku yenyewe ilikuwa haijapangwa, wala Oldonyo Sambu hawajaambiwa neno. Tulisimama pale uani mimi na Lerionka, tukamsikia baba sebuleni anaviburuta viti kutoka ukutani, kimoja kimoja, anavifuta vumbi.